Bima iliyobandikwa kwenye mkopo wa 2005: je, bado naweza kudai?

Swali: Habari za kazi, ndugu mshauri. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Coventry tangu 1999, kazi yangu ni kutunza wazee. Mwaka 2005 nilikopa benki paundi 9,000 za kumalizia nyumba ya mama kule nyumbani, nikalipa miaka mitano, nikamaliza 2010. Juzi nilikuwa napekua mafaili, nikakuta mkataba umeandikwa paundi 10,900, na katikati kuna mstari wa bima ya kulinda malipo, paundi 1,900. Sikumbuki kuiomba. Pia kwenye mkopo wa nyumba ninayoishi hapa, bado wananikata paundi 31 kila mwezi kwa bima ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2019, watu walipokuwa wanarudishiwa hela zao, mimi nilikuwa Tanga namuuguza mama, yakanipita. Sasa kuna kampuni inanipigia kila wiki, wanasema watanipatia maelfu nikisaini tu kwenye simu. Je, haki yangu imekufa? Nisaini? Nina miaka 61.

Jibu: Shikamoo dada. Pole kwa mauguzi, na hongera kwa kutunza mafaili. Wengi wanaoniuliza jambo hili hawana hata karatasi moja, wana kumbukumbu tu kwamba "palikuwa na bima fulani". Wewe una mkataba wenyewe, kwa hiyo ngoja nikujibu kwa kirefu.

Kwanza lile la haraka. Usisaini chochote, si kwa simu wala kwa kidole kwenye kioo. Sababu nitakupa nikifika kwa hao wanaokupigia. Na haki yako haijafa yote. Mlango mkubwa, ule wa kulalamika bure, ulifungwa tarehe 29 Agosti 2019. Lakini wewe una mambo mawili yasiyofanana, mkopo uliokwisha na bima inayoendelea kukatwa, na kila moja lina njia yake. Huyo wa kwenye simu anayachanganya kwa sababu kuyatenganisha hakumlipi.

Bima hii, ambayo Uingereza nzima huijua kwa jina la PPI, si haramu yenyewe. Ukiugua, ukipata ajali au ukipunguzwa kazini, inakulipia marejesho ya mkopo kwa muda, mara nyingi miezi 12. Kwa mtu anayetegemea mshahara mmoja huo ni msaada wa kweli. Ubaya ulikuwa kwenye uuzaji. Mamlaka inayosimamia mwenendo wa taasisi za fedha, FCA, inakadiria kwamba ziliuzwa hadi bima milioni 64 za aina hii, nyingi kati ya 1990 na 2010. Waliuziwa watu waliojiajiri, ambao wakikosa kazi masharti yaliwabana. Waliuziwa wastaafu, wasio na kazi ya kupoteza. Waliuziwa wenye sukari na presha, huku ndani ya kijitabu imeandikwa kwamba ugonjwa uliokuwepo tangu mwanzo haulipiwi. Wapo walioambiwa kwamba bila bima mkopo hautapita, na wapo waliokuta kisanduku cha bima kimeshatiwa tiki kabla hawajashika kalamu.

Watu wetu waliingia humo kwa wingi, na nadhani najua kwa nini. Mtu amefika ugenini, anakopa benki kwa mara ya kwanza, anaogopa kunyimwa. Kijana wa benki anageuza karatasi, anaonyesha pa kusaini. Nani atauliza? Nimekaa meza moja na mama muuguzi wa hospitali ya serikali aliyelipia bima hii miaka mitano. Muuguzi wa NHS, yaani hizo hospitali za serikali, aliyefikisha miaka mitano kazini, akiugua, analipwa mshahara kamili miezi sita na nusu mshahara miezi sita mingine. Hakuna aliyemuuliza mwajiri wake anampa nini akiugua. Swali hilo moja tu lingetosha kumwonyesha kwamba anauziwa mwavuli akiwa tayari amesimama chini ya paa.

Sasa shika mkataba wako, uutazame tena ule mstari wa paundi 1,900. Watu wengi wanapousoma wanadhani hiyo ndiyo bei ya bima, na hapo ndipo macho yanapokosea. Hukutoa paundi 1,900 mfukoni. Benki ilikukopesha hizo 1,900, ikazilipa kwa niaba yako siku ile ile, kisha ikakutoza riba juu yake kwa miaka mitano. Hukuniandikia kiwango cha riba, kwa hiyo tuchukue asilimia 11 kwa mwaka kama mfano. Kwa kiwango hicho, bima peke yake ilikula karibu paundi 41 katika kila rejesho lako la mwezi. Zidisha kwa miezi 60, unapata takriban paundi 2,450. Uliposema "nimelipa mkopo wa nyumba ya mama", sehemu moja katika kila sita ya ulichokuwa unatoa haikuwa ya mkopo ule. Tafuta kiwango chako halisi cha riba, kitakuwa ukurasa wa kwanza karibu na jumla ya deni, ukiandike pembeni kwa penseli.

Malipo ya namna hii, ya mkupuo mmoja unaotiwa ndani ya deni, ndiyo yaliyoumiza watu kuliko yote. Mtu akiongeza mkopo kabla haujaisha, bima ya kwanza inavunjwa, anarudishiwa kidogo, kisha mpya inabandikwa juu ya deni jipya. Leo uuzaji huo umekatazwa. Tangu Aprili 2012 mkopeshaji haruhusiwi hata kukuuzia bima hii pale pale anapokupa mkopo.

Hizo 1,900 zilikwenda kwa nani? Swali hili ndilo lililogeuza mambo yote mahakamani, na ndilo linalokuhusu zaidi leo kuliko suala la kama uliomba bima au hukuomba.

Kuna kesi inaitwa Plevin dhidi ya Paragon Personal Finance. Mwaka 2006 mama mmoja mjane, mwalimu wa chuo, alikopa paundi 34,000 za kulipa kwa miaka kumi. Juu yake akabandikwa bima ya paundi 5,780, ambayo ilimkinga miaka mitano tu kati ya hiyo kumi. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Uingereza, hesabu ilikuwa imeshawekwa wazi: katika hizo 5,780, kampuni ya bima yenyewe ilipokea paundi 1,630. Dalali alichukua 1,870. Mkopeshaji akabaki na 2,280. Yaani asilimia 71.8 ya alicholipia "bima" ilikuwa kamisheni, na hakuna aliyemwambia. Tarehe 12 Novemba 2014 mahakama ilisema kwamba kumficha mtu kamisheni kubwa kiasi hicho kunaufanya uhusiano kati yake na mkopeshaji kuwa usio wa haki, kwa mujibu wa kifungu cha 140A cha sheria ya mikopo ya walaji ya 1974. Na ilisema hivyo ingawa kanuni za bima za wakati ule hazikumlazimisha mkopeshaji kutaja kamisheni. Benki zilikuwa zikijikinga na hoja hiyo miaka mingi, kwamba kanuni haikutaka. Mahakama ikajibu kwamba kutimiza kanuni ni jambo moja na haki ni jambo jingine.

Mimi huwa nawasomea watu tarakimu hizo kwa sauti. Mama mjane anadhani ananunua kinga, na katika kila paundi mia anazotoa, ishirini na nane tu ndizo zinazofika kwa mwenye bima.

Kifungu hicho kina mpaka mmoja unaopaswa kuujua. Hakishiki mikopo ya zamani iliyokwisha kabla ya tarehe 6 Aprili 2008. Wako ulikwisha 2010, kwa hiyo umo ndani. Aliyekopa 2001 akamaliza 2006, kwa njia hii hayumo, hata kamisheni iwe kubwa namna gani.

Nirudi kwenye tarehe iliyokupita. Malalamiko dhidi ya bima hizi hayakuanza jana. Septemba 2005, mwaka ule ule uliosaini wewe, shirika la Citizens Advice, linalowashauri raia bure, lilipeleka lalamiko rasmi serikalini kuhusu namna zilivyokuwa zinauzwa. Benki zilipambana hadi Mahakama Kuu, zikashindwa Aprili 2011, na mwezi uliofuata zikaacha kukata rufaa. Baada ya hapo ndipo fedha zilipoanza kutoka kwa wingi, na hadi mwisho wa 2019 watu walikuwa wamerudishiwa zaidi ya paundi bilioni 38. FCA ikaweka mwisho, 29 Agosti 2019, ikatangaza miaka miwili mfululizo, na tangazo la kichwa cha bandia cha Arnold Schwarzenegger likawa linapita kwenye televisheni kila jioni. Ndiyo maana benki leo ikipokea lalamiko la kawaida la bima iliyouzwa kabla ya 29 Agosti 2017, inakujibu kwa aya mbili tu: muda umekwisha.

Kuna upenyo wa "sababu za kipekee", na najua utataka kuniuliza kama kumuuguza mama ni sababu. Nitakuambia ninavyoona kweli. Upenyo huo ni mwembamba. Umewekwa kwa mtu aliyezuiwa hasa na mambo mazito asiweze kulalamika, na muda wenyewe ulikuwa mrefu, kwa hiyo wataangalia kipindi chote, si miezi ya mwisho tu. Kama ulikaa Tanga miezi michache mwaka 2019, sidhani watakubali. Kama ulikuwa huko mfululizo tangu 2017, au wewe mwenyewe uliugua, andika. Haigharimu kitu. Benki ina wiki nane za kukujibu, na ikikukatalia una miezi sita ya kulipeleka kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa migogoro ya fedha, ambaye naye hatozi hata senti. Andika, ila usiweke matumaini yako yote hapo.

Tumaini lenye uzito zaidi liko mahakamani. Tarehe ya 2019 iliwekwa na FCA kwa ajili ya malalamiko kwa benki na kwa Ombudsman. Haikufunga mahakama. Mahakama zina ukomo wake wa muda, kwa kawaida miaka sita, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu mbili zilizofafanua miaka hiyo sita inahesabiwa kuanzia wapi.

Ya kwanza ilitoka tarehe 4 Oktoba 2023, Smith dhidi ya Royal Bank of Scotland. Ilihusu kadi ya mkopo. Bima ilikuwa imekoma 2006, lakini kadi yenyewe ilifungwa 2015. Mahakama ikasema miaka sita inahesabiwa tangu uhusiano wa mkopo ulipokwisha, haijalishi bima ilikoma lini. Kwa mkopo wako haisaidii, maana 2010 jumlisha sita ni 2016. Lakini kama uliwahi kuwa na kadi ya benki yenye bima hii na kadi ikabaki wazi hadi miaka ya karibuni, hapo una jambo. Pekua mafaili tena kwa jicho hilo.

Ya pili ndiyo yako. Potter dhidi ya Canada Square Operations, tarehe 15 Novemba 2023. Mama mwingine, mkopo wa 2006 wa paundi 16,953, bima paundi 3,834 ikabandikwa juu. Katika hizo 3,834, iliyofika kwa mwenye bima ilikuwa paundi 182 na nusu. Zaidi ya asilimia 95 ilikuwa kamisheni. Alimaliza mkopo 2010, kama wewe. Alifungua kesi Desemba 2018, miaka minane baadaye, na benki ikasema amechelewa. Mahakama ya Juu ikakataa. Ilisema benki ilijua inachokificha na ilikificha kwa makusudi, kwa hiyo saa ya miaka sita haikuanza kutembea hadi yule mama alipogundua, au hadi pale ambapo angeweza kugundua kwa kufuatilia kwa bidii ya kawaida.

Hayo maneno ya mwisho yasome mara mbili, maana benki itakusimamisha papo hapo. Itakwambia: kesi ya Plevin ilikuwa kwenye magazeti 2014, matangazo yalikuwa kwenye televisheni hadi 2019, kwa nini hukuuliza? Wewe utakuwa na maelezo yako, na ukweli kwamba ulikuwa nje ya nchi unaweza kukusaidia hapa kuliko kwenye zile sababu za kipekee. Lakini kila mwaka unaopita unaipa benki nguvu, na kama uliwahi kupokea barua yoyote ya benki inayotaja kamisheni kwenye bima hii, tarehe ya barua hiyo inaweza kuwa ndiyo iliyoanzisha saa. Kwa hiyo usikae na faili hili mwaka mwingine.

Nani anajua kamisheni yako ilikuwa asilimia ngapi? Benki. Basi hatua ya kwanza ni kuiuliza, na hapa ndipo ninapotaka uweke nguvu yako yote kabla ya kumfikiria wakili au wakala.

Iandikie benki barua mbili. Ya kwanza ni ombi la kupata taarifa zako binafsi, haki unayopewa na sheria ya ulinzi wa taarifa. Zamani walikuwa wanatoza paundi 10, lakini tangu tarehe 25 Mei 2018 ni bure, na wanatakiwa kukujibu ndani ya mwezi mmoja. Omba nakala ya mkataba, taarifa yote ya malipo ya mkopo tangu mwanzo hadi mwisho, cheti cha bima, na kumbukumbu za mazungumzo siku ya kukopa. Barua ya pili iwe fupi, ya swali moja: katika paundi 1,900, kiasi gani kilikwenda kwa kampuni ya bima na kiasi gani kilibaki kwenu au kwa dalali? Naitenga kwa sababu benki inaweza kujibu kwamba kamisheni si taarifa yako binafsi na kuiacha nje ya bahasha. Ukiwa umeuliza peke yake, kimya chao au kukataa kwao kunabaki kwenye kumbukumbu.

Kwenye barua zote mbili andika namba ya mkataba, tarehe ya kuzaliwa, na anwani zote ulizoishi tangu 2005, hata kile chumba ulichokaa miezi mitatu. Na majina. Nimeona maombi ya watu wetu yakirudi na jibu "hatuna kumbukumbu zako", kumbe benki ilimwandika mtu kwa jina la babu, au jina la baba likawa la kwanza na lake likawa la mwisho, au aliolewa akabadili pasipoti. Andika kila namna jina lako lilivyowahi kuandikwa. Barua ipeleke posta mwenyewe, uombe risiti ya kuthibitisha kwamba umetuma. Hiyo risiti ndogo ibane kwenye nakala ya barua kwa stepla.

Jibu likija, tazama asilimia. FCA ilipopanga fidia kwa njia ya malalamiko iliweka mstari kwenye asilimia 50: kamisheni iliyozidi hapo ilihesabiwa kuwa si ya haki, na mtu alirudishiwa kile kilichozidi. Mahakama haifungwi na mstari huo, ina uhuru wa kuamua kiasi inachoona ni haki. Ila kwa akili ya kawaida, ukikuta asilimia 30 faili lako ni dhaifu, na ukikuta 70 au 80 lina nguvu. Kwa wale waliofidiwa kikamilifu kwa njia ya malalamiko, hesabu ilikuwa hivi: ada yote ya bima, riba waliyotozwa juu yake, kisha asilimia 8 kwa mwaka ya riba ya kisheria isiyozaa riba nyingine. Mahakamani hiyo riba ya juu iko mikononi mwa hakimu.

Kwa kiasi kama chako, kesi England huenda kwenye utaratibu wa madai madogo, ule wa hadi paundi 10,000. Faida yake ni kwamba ukishindwa kwa kawaida hubebeshwi gharama za mawakili wa upande wa pili. Kuna ada ya kufungua kesi na ya kusikilizwa, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba kusamehewa. Lakini hoja ya kufichwa kwa makusudi si hoja ya kwenda nayo peke yako. Ukishapata asilimia, nenda Citizens Advice au kituo cha sheria cha bure, uwaonyeshe karatasi.

Sasa bima ya nyumba. Hapa watu wengi hupotoshwa, kwa sababu wanasikia Plevin alikopa kwa dhamana ya nyumba wanadhani inahusu kila mkopo wa nyumba. Mkopo wake ulikuwa wa pili juu ya nyumba, wa nyongeza. Mkopo wa kwanza wa kununulia nyumba, ule wenyewe mnaouita mogeji, kwa kawaida hausimamiwi na kifungu cha 140A, wala kanuni ya kamisheni ya FCA haikuugusa. Kwa hiyo anayekuahidi kukurudishia kamisheni ya mogeji yako anakuuzia mbuzi ndani ya gunia.

Lakini bima hiyo bado iko hai, na uhai wake ni jambo kubwa. Ile tarehe ya 2019 haimhusu mtu ambaye bima yake ingali inaendelea, akaomba kulipwa baada ya hapo, akakataliwa kwa sababu ya sharti ambalo lilimtoa tangu siku ya kwanza. Akikataliwa hivyo anaweza kulalamika kuhusu uuzaji wenyewe, na tarehe hiyo haimzuii. Kwa hiyo toa kile kijitabu cha masharti, ukae nacho jioni moja kwa utulivu. Tafuta mambo haya: bima inakoma ukifika miaka mingapi, kwa maana nyingi hukoma 65 au ukistaafu, inataka ufanye kazi saa ngapi kwa wiki, mara nyingi 16, inasemaje kuhusu ugonjwa uliokuwa nao kabla, na inamchukuliaje mtu mwenye mkataba usiotaja saa za kazi. Hili la mwisho nalitilia mkazo kwa sababu ya kazi yako. Watunza wazee wengi wako kwenye mikataba ya saa sifuri, na kwa mikataba hiyo kifungu cha kupoteza kazi kinaweza kisikulipe kamwe.

Usiifute kwa hasira. Paundi 31 kwa mwezi ni 372 kwa mwaka, ni hela, najua. Lakini kama mwajiri wako anakupa lile posho la kisheria la ugonjwa peke yake, na masharti yanakukubali, huenda kinga hiyo inakufaa katika miaka hii kuliko yote iliyopita. Kama kiuno au magoti yamekuanza, na kwa kazi ya kuinua watu huanza, jua kwanza bima inasemaje kuhusu hayo. Ukiona haikukingi, hapo ifute kwa barua, usimamishe kukatwa benki siku hiyo hiyo, na uulize kwa maandishi kama tangu mwanzo ulistahili kuuziwa.

Nimefika kwa hao wa simu. Tangu Septemba 2018 sheria inakataza kampuni za kudai fidia kumpigia mtu ambaye hakuwaruhusu. Kama hukuwapa ruhusa, ile simu ya kila wiki peke yake inakwambia ni watu wa namna gani. Kwa malalamiko ya PPI sheria iliwawekea kikomo cha asilimia 20 na kodi ya VAT juu, yaani 24 kwa jumla, na walikuwa wanachukua hiyo kwa kuandika barua ambayo mtu angeiandika mwenyewe. Kwa kesi za mahakamani mawakili huja na makubaliano yao, "usiposhinda hulipi", na maneno hayo ni matamu hadi usome ukurasa wa nane. Humo ndimo utakuta asilimia yao, bima ya gharama ya kesi unayotakiwa kuikatia, na kifungu cha kukutoza kwa saa ukijitoa katikati. Ukifika mahali pa kumtaka wakili, mtafute wewe. Hakikisha yumo kwenye orodha ya mamlaka ya mawakili au ya FCA, na umwambie akuandikie kwa tarakimu: nikishinda paundi 3,000, mkononi mwangu zinabaki ngapi? Anayeshindwa kujibu swali hilo kwa mstari mmoja, mwache.

Na wapo ambao si kampuni kabisa, ni wezi. Wanasema fidia yako imeshaidhinishwa, lipa tu ada kidogo ya kuifungua, wakati mwingine kwa kununua kadi za vocha na kuwasomea namba. Benki haidai hela ili ikulipe hela. Waambie na wenzako wa kanisani au msikitini, kwa sababu mtu akishaibiwa hivi huona haya kusema, na mwizi anahamia kwa jirani.

Mambo mawili madogo. Kama kati ya 2005 na sasa uliwahi kufilisika kisheria au kuingia mpango wa IVA wa kulipa madeni, niambie, maana fidia inaweza kwenda kwa wadai wako badala yako. Na ukilipwa, ile riba ya asilimia 8 huenda ikakatwa kodi ya asilimia 20 kabla haijakufikia. Mwenye kipato cha kawaida ana posho ya paundi 1,000 ya riba isiyotozwa kodi kwa mwaka, kwa hiyo nyingi ya kodi hiyo hurudishwa ukijaza fomu R40 ya mamlaka ya kodi. Una miaka minne tangu mwaka wa kodi uishe. Msomaji mwingine aliyelipwa fidia miaka ya karibuni naye atazame karatasi yake, wengi hawakudai.

Dada, barua hizo mbili zitoke wiki hii. Majibu yakirudi niandikie tena, unipe tarakimu tatu: riba iliyo kwenye mkataba, kiasi kilichofika kwa kampuni ya bima katika zile 1,900, na tarehe ya barua yoyote ya benki iliyowahi kukutajia kamisheni, kama ipo. Nikizipata nitakuambia kama faili hili linafaa kwenda mbele ya hakimu.